Moshi Uliolala Juu ya Bawa

Kibomet, Kitale
3 Juni 2024

Kwa Nyanya mpendwa,

Asalaam aleikum. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima.

Naomba ubani kidogo, na si wa kujifukiza. Hapa chuoni tunajaribu kuongoza upepo kwa umeme. Unabandika utepe wa shaba juu na chini ya plastiki nyembamba, unapitisha umeme mkali, na ukingoni mwa shaba unatokea mwanga wa zambarau, wenyewe wanauita plazma. Huo mwanga unasukuma hewa. Bawa la ndege likiinuliwa sana, upepo huliachilia. Sisi tunataka mwanga uurudishe. Moshi wa ubani utatuonyesha kama umerudi.

Jirani yako Pauline akishakusomea barua hii, usimwambie Baba. Tangu niache uuguzi bila kumwuliza, mwaka mzima hapokei simu zangu.

Mjukuu wako,
Aaliyah

Bungoma mjini
10 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Waaleikum salaam. Magoti yapo, macho ndiyo yananiaga. Pauline amehamia Sirisia, kwa hivyo barua yako imesomwa na Zahid, baba yako, na ni yeye anayeandika hii. Alipofika pale "usimwambie Baba" aliusoma mstari mara mbili, kisha akaendelea.

Ubani ndio huu. Nimemwomba akusalimie, amesema yeye anaandika maneno yangu tu. Lakini sasa ameacha kuandika, ati nikuulize: huo umeme ni volti ngapi?

Nyanya yako,
Hawo

Kibomet
24 Juni 2024

Nyanya,

Asalaam aleikum. Unalala vizuri? Ubani ulifika, asante. Ni volti elfu saba.

Mambo si mazuri. Kila tukiwasha, cheche inatoboa plastiki kwenye kona ya shaba. Sita zimeharibika, na jana niliungua kidole, si sana. Mwalimu Wangila amesema isipofanya kazi kufikia Jumamosi nitafute mradi mwingine, yaani nirudie mwaka. Siku zingine nafikiri Baba alikuwa na haki.

Mjukuu wako,
Aaliyah

Kibomet
30 Juni 2024

Nyanya,

Asalaam aleikum. Natumaini hukukaa peke yako sana siku hizi mbili.

Nilingoja jibu lako, halikuja. Ijumaa nikamkuta Baba mlangoni pa karakana ya chuo, na mkoba wake wa vifaa vya kutengenezea mota za umeme. Alishika mkono wangu, akakiangalia kidole, akauliza kama nimepaka dawa. Kisha akaomba zile plastiki zilizotoboka, akazipapasa moja moja.

"Umeme hupenda ncha," akasema. "Viringisha hizi kona."

Tulishinda hapo, yeye anakata shaba, mimi nabandika. Jumamosi tukazima taa. Mwanga ukatulia bila cheche hata moja, na moshi uliokuwa ukipaa ovyo ukainama, ukalala juu ya bawa mpaka mwisho wake. Mwalimu Wangila amesema niendelee.

Baba alitazama sana. Halafu akaniambia, "Nilikasirika kwa kuwa hukuniuliza. Na mimi sikuwahi kukuuliza unapenda nini."

Nililia tu. Nimempa barua hii akuletee, na najua ni yeye atakayekusomea, kwa hivyo jibu langu kwake naliweka hapa. Baba, nisamehe. Mimi nilishakusamehe kabla hujafungua mkoba. Ijumaa nakuja nyumbani.

Nyanya, sauti ikimkwama, mpe maji, umngoje.

Mjukuu wako, na binti yake,
Aaliyah