Gunia la Mbegu Nyekundu Karibu na Jiko

Kwako Mama Nie,

Salamu nyingi. U hali gani, na kile kikohozi kilichokusumbua redioni wiki ile kimepungua? Mimi mzima, ila goti la kushoto linauma tangu baridi iingie. Nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe unayewashauri watu redioni.

Naitwa Fan Cuirong, miaka hamsini na minne, shule niliishia darasa la tano, ni mjane, naishi na mke wa mwanangu huku milima ya Taihang. Mwezi wa tisa alikuja binti mmoja wa chuo cha misitu, Mwalimu Pang, anazunguka wilaya kumi na moja kutafuta miti ya porini yenye mbegu za mafuta, ijulikane ipi inafaa kutengenezewa dizeli ya magari, na kwetu alitaka ule mti wa huanglian ambao bibi zetu walikuwa wakikamua mafuta yake ya taa, basi wakanichagua mimi nimwonyeshe kwa kuwa najua kila mti ulipo. Alilala kwangu siku mbili, akala tambi zangu, akaniita shangazi. Alipovuka kwenda bonde la pili aliniachia mifuko yenye namba akasema, "Shangazi, kila mti kata matawi manne, pande zote nne, pukusa mbegu zote utie mfukoni. Usichague."

Nikakata kama alivyosema, Mama Nie, sikuruka hata tawi, mpaka nilipofika nyumbani nikamwaga mfuko wa kwanza uani nikaziona zile nyekundu. Labda wewe wa mjini hujui, mbegu ya huanglian yenye kiini huwa ya kijani kama shaba ya zamani, nyekundu ni mapepe matupu, uzuri wake ni wa kutazama tu. Na kwetu humpi mgeni kitu ambacho hujakipepeta, watasema mama yako hakukufunza, basi nikakaa kwenye kigoda siku tatu mchana kutwa, mfuko mmoja baada ya mwingine, nikatoa nyekundu zote, zikabaki za kijani zinang'aa, nikafunga kila mfuko na namba yake, nikampelekea, nikaona nimemtendea wema.

Mwezi uliofuata akapiga simu, furaha tupu. "Shangazi, mbegu zenu zimezipita za wilaya zote! Mapepe karibu hamna! Ulizileta zote kama zilivyotoka mtini?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, kwamba mapepe nayo yalikuwa ya kuhesabiwa, na mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, mwanangu, zote."

Nami nafukiza ubani kwa Mama Guanyin, mungu wetu wa huruma, kila tarehe mosi na kumi na tano, siku hizo sili nyama, na niliapa mbele yake kutosema uongo.

Sasa vipimo vimefika kijijini, na imekuja kampuni inayotaka miteremko yetu ipandwe huanglian, na shemeji yangu Laichun, mdogo wa marehemu mume wangu, amekubali kukata mijozi themanini, ile miti ya kokwa ngumu ziitwazo jozi, aliyoachiwa na baba yao. Nilimwambia, "Laichun, jozi ndizo zinazokulisha."

Akacheka. "Shemeji, wewe shughulika na ubani wako. Miaka ishirini nimeendesha lori nikinunua dizeli, sasa zamu yangu kuichuma mtini."

"Na mapepe je?"

"Mapepe wanayo wenzetu huko. Kwetu hamna, kipimo kimesema. Au wewe unaijua mbegu kuliko maabara?"

Nikamwongezea chai.

Zile nyekundu bado ziko guniani karibu na jiko. Mke wa mwanangu kila asubuhi ananiuliza, "Mama, taka hizi nizitie motoni lini?" nami namwambia kesho. Nikisema ukweli, Mwalimu Pang ataaibika kwa wakubwa wake na kijiji kitanichukia. Nikinyamaza, mijozi inakwenda, na mjozi si kitunguu, ukate leo useme utapanda mwingine mwakani. Shoka litaingia siku ya pili baada ya sikukuu ya uji ya majira haya ya baridi, zimebaki siku kumi na mbili. Tafadhali nijibu mapema.

Fan Cuirong

*

Dada Cuirong,

Kikohozi kimepoa, asante. Goti lako lifunge kitambaa cha sufu, kisha unisikilize.

Umeniandikia mengi juu ya kupepeta, na juu ya uongo mstari mmoja. Mimi nimeusoma huo mstari. Kupepeta kulikuwa adabu uliyolelewa nayo, ingawa binti alikwambia usichague na wewe ukajiona unajua zaidi. Hilo ni kosa, linasameheka. Lakini alikuuliza waziwazi ukamjibu ndiyo. Ubani hauwezi kukujibia swali hilo upya. Utalijibu wewe.

Unasema unaogopa binti ataaibika. Ataaibika, ndiyo, wiki mbili tatu. Ukinyamaza, ataaibika miaka kumi baadaye, milima imejaa mapepe na karatasi ina jina lake. Kipi ni wema kwa mtu aliyekuita shangazi? Mpigie leo kabla ya chakula cha mchana. Usianze na hali ya hewa. Mwambie: "Nilitoa nyekundu zote, na ulipouliza nilikudanganya."

Ukikata simu nenda kwa Laichun. Usibishane naye habari za maabara, atakushinda kwa maneno, madereva ndivyo walivyo. Chukua konzi moja ya nyekundu, mtie mkononi, mwambie azivunje kwa meno. Halafu umwambie zilitoka kwenye miti ileile iliyopimwa, na nani alizitoa. Akikutukana, kaa hapohapo mpaka amalize. Kijiji nacho kitanuna. Kitanuna kikiwa na jozi zake.

Na hilo gunia liondoe jikoni sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii. Mbegu za miti yote zimechanganyika humo, haidhuru, Mwalimu Pang akijua uzito wake wote atajua pa kuanzia. Tangu mwezi wa tisa ungeweza kulichoma, na kila asubuhi umesema kesho. Lipime, lifunge, umpelekee.

Kisha niandikie upesi, kabla ya sikukuu ya uji, uniambie lilikuwa na kilo ngapi.

Mama Nie