Beringi Niliyoificha Kwenye Soksi

Mpendwa mshauri, nakuomba unisikilize maana kichwa kimejaa na wa kumwambia sina. Mimi ni fundi wa karakana ya chuo, na miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtambo wa utafiti wake wa udaktari, silinda mbili, moja imesimama ndani ya nyingine, kila moja na mota yake, katikati kuna maji yenye unga unaometameta ili uone yanavyokwenda, na kazi yake ilikuwa kuzungusha zote mbili au moja tu, na kuandika ni kwa kasi gani maji yanaacha utulivu na kuanza kuchafuka.

Sasa ukizungusha ile ya nje peke yake, wataalamu wanasema maji hutulia mpaka kasi kubwa sana, lakini ya shemeji yalichafuka mapema, akarudia mara arobaini, yaleyale, akafurahi jamani, akaja nyumbani akamnyanyua dada yake pale jikoni, "Shem, tumepata kitu!" na mimi nikacheka naye huku najua kosa ni langu, kwa sababu beringi ya chini ya silinda ya nje, ile pete ya chuma inayoifanya izunguke bila kuyumba, niliitoa kwenye pampu kuukuu, mpya ilichelewa, nikaandika kwenye fomu kwamba ni mpya. Ilikuwa inayumba kidogo, huwezi kuona kwa macho, ila ilitosha kuyatikisa maji.

Profesa wake aliposema Jumatatu atapima mwenyewe niliogopa atafungua mtambo, basi Jumamosi nikaingia peke yangu nikaweka beringi mpya, na nakuapia nilidhani namsaidia, kumbe namzika, maana profesa alizungusha weee, maji yametulia tuli, akamgeukia shemeji mbele ya wenzake, "Hizi namba ulizipikia wapi?" Kamati ya chuo ikamfukuza kwa udanganyifu. Profesa alipouliza hilo, mimi nilikuwa nimesimama palepale na spana mkononi.

Huu mwezi wa tano yuko chumba chetu cha nyuma, amegeukia ukuta, mke wangu anampelekea chakula kinarudi kimepoa. Wiki jana alitoka, nikafurahi, akaniomba kiberiti, nikampa, kumbe anakwenda uani kuchoma madaftari yake yote. Jana kaniuliza taratibu, "Shem, labda kweli nilidanganya bila kujijua?" Muda wa kukata rufaa unaisha Ijumaa. Nikisema, kazi sina, na mke ataniacha. Beringi ya zamani ninayo, nimeificha kwenye soksi. Nifanyeje?

Fundi wa Karakana

*

Fundi,

Pole nakupa, lakini ndogo. Kubwa namwekea aliye chumba cha nyuma. Wewe unahofia kazi na mke, mwenzako anahofia akili yake mwenyewe! Mtu aliyefika hapo hasubiri Ijumaa.

Na hilo la "nilidhani namsaidia" lirudishe ulikolitoa. Ulibadilisha Jumamosi, profesa akapima Jumatatu. Jumapili nzima ulikuwa wapi? Ulikuwa na siku nzima ya kumwambia, ukanyamaza.

Leo hiihii ingia chumba kile. Usianze na mkeo wala profesa, anza na yeye. Mwekee beringi mkononi umwambie, "Hukudanganya. Ni mimi." Kisha funga mdomo. Akikutukana, tukanwa. Dada yake aambiwe muda huohuo, asiachwe peke yake hata dakika, na kesho mumpeleke kwa daktari, maana miezi mitano ya kugeukia ukuta ni ugonjwa.

Halafu, kabla ya Ijumaa, iandikie kamati, kwa jina na sahihi yako, lini ulifunga ipi na lini uliibadilisha. Omba kuirudisha ile mbovu mbele yao, wazungushe silinda ya nje peke yake waone wenyewe. Madaftari yameungua, lakini vipimo vinarudiwa. Ule ugunduzi haurudi, kwa kuwa haukuwa ugunduzi, ilikuwa beringi yako. Hilo nalo mwambie wewe, asilisikie kwa profesa. Jina lake ndilo linaweza kurudi.

Kazi huenda ukapoteza. Mke huenda akaondoka, na sitamlaumu. Sina la kukupunguzia hapo.

Alipokuomba kiberiti ulimpa bila kuuliza cha nini. Beringi hawezi kukuomba, hajui kama ipo. Itoe kwenye hiyo soksi umpelekee.