Sura ya Mkwe Ukutani

Mwaya, ufuoni mwa Ziwa Nyasa

Dada yangu Mwanate,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia, na ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimeisahau hati uliyonifundisha. Naandikia juu ya goti. Habari za huko Pangani? Miguu ya mama imepoa, au bado inavimba akisimama sana? Na wewe umeumaliza msimu wa harusi salama, au vidole vimebaki vyeusi kwa piko hata watu wanakuonea haya kukupa mkono? Juma wangu hajambo. Bado ni seremala wa mashua za Wadachi hapa bandarini, anarudi jioni na vumbi la mbao masikioni, na analalamikia mvua. Mvua ya huku, dada, inanyesha kama ina ugomvi na mtu.

Uliniuliza kama nimepata kazi au nakaa tu kumtazama mume. Nitakujibu, lakini kaa chini kwanza, maana nimekaribia kuiua kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na karibu nivunje nyumba ya watu.

Nilipofika nilidhani nitapaka hina. Nilikuwa na kile kifurushi cha majani uliyonisagia. Wapi! Bibi harusi wa kwanza niliyempaka alikwenda mtoni kunawa, akarudi analia kwa kuwa haitoki. Basi ikawa kazi yangu ni kupika ndizi na kuhesabu siku. Ndipo nikaanza kutazama nyumba zao. Hawa Wanyakyusa wana usafi wa nyumba ambao sijauona popote. Ukuta wanaukandika, wanaulainisha kwa kiganja, kisha wanawake wanaupamba kwa udongo wa rangi, mistari na madoadoa. Nikasema moyoni, mimi nimezoea kuchora kiganja cha mtu, sasa nimeletewa kiganja cha ukubwa wa nyumba.

Rangi nilifundishwa na Ikupa, mfinyanzi wa Kikisi anayekuja na mtumbwi kutoka Matema kuuza vyungu. Ndiye aliyenionyesha ngeu, ule udongo mwekundu, inachimbwa wapi, na udongo mweupe, na masizi yanachanganywa na nini. Brashi yangu ni msuaki uliotafunwa ncha. Ukuta wa kwanza ulikuwa wa nyumba yangu, nikauzungushia yale maua yako ya kifundo cha mguu. Watu wakaja kutazama, nikavimba kichwa. Mvua ikanyesha siku mbili, maua yote yakashuka chini yakawa tope. Ikupa alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza kucheka akanipa kijiwe laini, kile wanachosugulia vyungu kabla ya kuvichoma, akaniambia nisugue ukuta vilevile, polepole, kabla rangi haijakauka sana. Tangu siku hiyo maua yangu yanavuka masika.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Nikaitwa nyumba moja, nikaitwa ya pili, na wakishavuna wananiita tena niyafanye upya. Wananilipa mpunga na kuku, mwaka huu mchele wa kununua siujui. Juma aliyekuwa akiita huu mchezo sasa ananichongea vibao vya kujaribia. Wananiita fundi, dada, mimi mwanamke, na ninaitika.

Tatizo langu unalijua, siridhiki. Siku moja nilichukua kaa la moto lililozimika, nikachora sura ya Ikupa kwenye kibao, akatokea yeye mwenyewe na lile pengo lake la jino. Najua utakavyosema juu ya kuchora sura za viumbe, na mwalimu wetu wa chuoni angenitandika. Nakiri. Mkono ulipoanza sikuuzuia, na sifa nazo zilikuwa tamu.

Basi akaja kijana mmoja wa Ngana, jina lake Ambakisye, Mkristo wa misheni, Kiswahili chake kizuri kwa kuwa aliwahi kufika pwani na mizigo. Amejenga nyumba mpya ya pembe nne. Mkewe, Tusekile, alikuwa kwa mama yake, kijiji cha Talatala, amejifungua mtoto wao wa kwanza, na mumewe alikuwa hajamwona hata huyo mtoto. Alitaka mke akirudi akute jambo ambalo nyumba nyingine haina. Alitaka sura ya baba yake, mzee Mwakibete, ukutani, ikitazamana na mlango, ili kila aingiaye akutane na mzee kwanza.

Mimi sikuwa mjinga kabisa. Nilimuuliza Ikupa, huyo mke anaelewana na mkwewe? Maana sitaki kumchorea mtu adui yake. Ikupa Kiswahili chake kinachechemea. Alinijibu, "Huyo? Anamtila sana mkwe wake." Nikasikia anamtilia. Nikaona picha yote kichwani: mkwe mwema, anamtilia mzee wali, anamtilia mchuzi, anamtilia maji ya kunawa. Nikasema mwanamke wa namna hiyo atafurahi mpaka alie. Dada, herufi moja tu.

Nilikwenda kwa mzee, nikakaa naye siku mbili barazani kwake nikimchora kwenye kibao. Yeye anaishi kijiji kingine na wazee wenzake, mwanawe anaishi na vijana wenzake, ndivyo walivyo. Mzee alikuwa mcheshi, alitaka nimwongezee meno. Kisha nikahamia ukutani siku tatu, nikasugua mpaka bega likaniuma. Sijawahi kuchora kitu kama kile na sidhani kama nitachora tena. Ambakisye alipoingia alichutama mbele ya ukuta kama anavyochutama mbele ya baba yake, akasema, "Ugonile, tata," ndiyo kusalimu kwao. Tukacheka wote wawili.

Siku ya pili yake Tusekile akafika, mtoto mgongoni, mkeka kichwani. Nilikuwa ndani naosha msuaki. Nilimwona amekanyaga kizingiti, ameinua macho, basi. Mkeka ukaanguka, akajifunika uso kwa nguo, akarudi kinyumenyume, akageuka na kujitosa kwenye migomba na mtoto mgongoni. Hakupiga hata kelele. Mimi nikaona ameona nyoka. Nikashika mchi, nikatoka nje nikipayuka nyoka, nyoka, na majirani wakaja na mikuki na mapanga kumtafuta nyoka ndani ya nyumba ile. Wanaume wakaingia. Wanawake walichungulia mara moja, wote wakageuza shingo, wakanitazama mimi.

Aliyenieleza ni Ikupa, na safari hii alieleza kwa mikono na miguu nielewe. Kutila si kutilia. Kutila ni kumwogopa mtu na kumheshimu hata usimtazame. Mwanamke wa huku tangu siku ya kuolewa hamwoni baba wa mumewe uso kwa uso. Akisikia anakuja njiani, anaingia porini mpaka apite. Jina lake halitaji, na hata neno linalofanana na jina lake analikwepa, anatafuta jingine. Akimtazama, wanaamini mtoto atadhoofika. Na mimi nimemchukua mzee huyo nikamweka ndani ya chumba cha Tusekile, anatazamana na mlango, usiku na mchana. Nilimgeukia Ambakisye nikamuuliza yeye mwana wa hapa ilikuwaje asinikataze. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Akasema kule misheni kuta zimejaa picha za watu na hakuna anayekimbia, naye alidhani picha si mtu.

Tusekile alirudi Talatala siku ileile kwa miguu. Kaka zake wakatuma neno kwamba haingii nyumba aliyomo mkwewe, na kama hali ni hiyo basi ng'ombe wa mahari wajadiliwe. Na kwangu nako kukachafuka. Nyumba mbili zilizoniita zikasema nisije. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinisifu sokoni alitundika mkeka juu ya maua yangu. Juma akaniambia nifungashe misuaki yangu kabla na yeye hajafukuzwa kazi. Dada, nililia. Kazi niliyoijenga kwa misimu mitatu niliiona inashuka kama yale maua ya kwanza.

Nikachukua maji na tambara niende kufuta. Ambakisye akasimama mbele ya ukuta, akakunja mikono, akaniuliza, "Utamfuta baba yangu naye yu hai?" Mke hawezi kuingia kwa sababu mzee yumo, na mume hawezi kuacha afutwe kwa sababu mzee yumo. Juma aliyeniambia kuchora ni mchezo, natamani angekuwepo siku ile.

Nilikwenda kwa mzee mwenyewe. Sikuwa na pengine. Nilipiga magoti, nikamweleza, nikaomba radhi. Akachukua fimbo yake, tukaondoka. Alipofika mlangoni akasita. Kumbe tangu mwanawe aoe hajawahi kukanyaga pale, naye humkimbia mkwewe vilevile anavyokimbiwa. Akaingia. Akajitazama. Sijui kama alikuwa amewahi kujiona zaidi ya kwenye maji na kwenye kibao changu. Akanigusa bega akasema, na mwanawe akatafsiri, "Mimi mwenyewe sijawahi kuingia humu. Wewe umeniingiza bila kupiga hodi." Kisha akatumbukiza mkono wake kwenye ndoo yangu, akaanza kujifuta. Kwa ule msuguo wangu rangi haikutoka upesi, ilibidi akwangue kwa kucha. Ambakisye alitoka nje. Mimi nilisimama nikamtazama mzee wa watu anajiondoa kidogo kidogo, kidevu, mashavu, macho mwisho, na machozi yananitoka, na sikujua ninamlilia yeye au ninalilia kazi yangu. Alipomaliza akasema, "Ndaga," ndiyo ahsante yao, akaenda zake.

Nikakandika upya pale alipokuwa, nikachora maua. Juzi Tusekile akaletwa na shangazi zake wawili. Akasimama nje, amejifunika, akamwambia Ikupa aniulize, "Yumo chini ya maua?" Wote wakanigeukia. Ningeweza kuapa kwa kila kitu, lakini kiapo changu mimi mgeni kingemsaidia nini. Nikasema, "Hayumo. Alitoka mwenyewe kwa miguu yake, mimi nilimwona." Akafikiri. Kisha akainama, akaingia.

Jana moja ya zile nyumba mbili imeniita tena. Nimekwenda, na kabla ya kugusa ukuta nimeuliza nani hapa humwogopa nani. Walicheka, lakini walinijibu. Sura nimeacha. Mpe mama salamu zangu na umkande miguu. Nisalimie mjomba aliyetusafirisha mpaka kwenye meli, na wifi yangu aliyenikatia kanga, mwambie bado naivaa, na yule shoga yetu wa kusaga hina, asinisahau. Juma anakusalimu sana.

Dada, nilikuwa nimeshaikunja barua hii, nimeifungua tena. Nimepata jambo asubuhi hii, siwezi kungoja barua nyingine.

Tusekile amekuja hapa kwangu Mwaya, yeye na Ikupa, mtoto mgongoni. Hakutaka kukaa. Alisema siku ile mlangoni aliiona sura kwa kupepesa jicho tu, na kuna kitu ameshindwa kumuuliza mtu yeyote, kwa kuwa kwao kuuliza uso wa mkwe ni sawa na kuutazama. Akaweka kidole kwenye jicho lake la kushoto, akalishusha kope mpaka nusu. Akauliza, "Liko hivi kweli, au mkono wako uliteleza?"

Nikamwambia mkono haukuteleza. Nilikaa na mzee siku mbili, kope lile linashuka vile, na mwenyewe aliniambia alizaliwa nalo.

Akamfungua mtoto, akamgeuza anitazame. Jicho moja limefumbuka lote. La kushoto limefumbuka nusu. Kumbe huko Talatala walikuwa wakimchemshia mizizi, na shangazi walikuwa wakimuuliza huyu mtoto ametoka wapi, maana kwao hakuna jicho hilo, na upande wa mumewe Tusekile hajawahi kuona jicho kama hilo. Siku ile alikuwa anarudi akijua mume akimwona mtoto atamfukuza, na tangu juzi amekuwa akimfunika mtoto uso mume asimwone. Alikuwa ameshalia njia nzima kabla hajafika kwenye ukuta wangu.

Alimbeba tena mwanawe, akakaza nguo, akasema neno dogo kwa Kinyakyusa. Ikupa akaniambia maana yake bila kuinua macho: "Kumbe ni wa kwao baba yake."

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura