Nilisoma Daftari la Mwanangu Mbele ya Ukumbi Mzima

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na uniseme bila kunionea haya. Mimi ni mshonaji, mjane wa mwaka wa pili, nina binti mmoja wa miaka kumi na miwili, na kazi yangu naifanyia sebuleni, kwa hiyo kwetu nyuzi tunazikuta hadi kwenye sahani. Shule anayosoma ina masomo ya nje, kila Alhamisi darasa la sita wanapelekwa kwenye msitu ulio nyuma ya mji, wanajifunza majani na wadudu na maji ya kijito, halafu kila mtoto anakwenda kukaa peke yake mahali alipopachagua mwanzo wa mwaka, nusu saa nzima, anaandika lolote lililo moyoni kwenye daftari lake la nje, na mwalimu wao, ambaye watoto wanamwita Mwalimu Mabuti kwa ajili ya viatu vyake, ana sheria moja tu, kwamba daftari la nje halisomwi na mtu ila mwenyewe, hata yeye mwalimu haligusi. Baba yake alipofariki mwanangu alinyamaza, alibaki na "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba", lakini alipoanza kwenda msituni akawa anarudi na tope magotini na maneno tele mdomoni, ananisimulia tangu mlangoni hadi usingizi unamchukua, nami nikasema Mungu hakunitupa.

Sasa mwaka huu bodi ya shule imetangaza kwamba masomo hayo yatafutwa, gari limechakaa na mlinzi wa msitu hana wa kumlipa, basi sisi wazazi na majirani tukakubaliana tuchange, wenye fedha watoe fedha na wenye kazi ya mikono watoe kazi, na mimi nikajitolea kuyashonea madaftari yote majalada ya kitambaa cha makoti ya mvua yasilowe tena. Watoto walinikabidhi madaftari yao wameyafunga kamba, wengine mafundo matatu. Wangu peke yake hakufunga, aliniwekea juu ya cherehani akasema, "Mama, hili la kwangu," akaenda zake kucheza.

Mshauri, nilijiambia nitasoma mstari mmoja. Nilisoma lote, maji ya chai yakakauka jikoni.

Siku ya mchango ukumbi wa shule ulijaa lakini mambo yalikuwa yamepoa, hotuba ndefu, watu wanachezea simu, ndipo mwenyekiti wetu, ambaye ni mwenye duka la dawa, akaninong'oneza, "Mama, hebu wewe waambie kitu, watu wanaondoka hawa." Nikatoa mkobani karatasi niliyonakilia ukurasa mmoja wa mwanangu nikausoma: "Baba, hapa ndipo ninapokulilia. Nyumbani siwezi, mama akiniona na machozi anaacha kushona, anaingia bafuni, anafungulia bomba. Kwa hiyo nakuwekea hadi Alhamisi." Jina sikulitaja, lakini nani asiyetujua? Watu walilia, wanaume wazima walilia, wakapanga foleni kwenda kwenye sanduku, na mimi nikiinua macho nikamwona mwanangu amesimama mlangoni na viti viwili vya plastiki mikononi, alikuwa anasaidia kupanga.

Tulipofika getini kwetu akaniuliza, "Mama, ulisoma kurasa ngapi?" Nikamwambia, "Huo mmoja tu, mwanangu." Aliniangalia, akaingia ndani. Tangu hapo Alhamisi tatu zimepita, Mwalimu Mabuti anasema anakwenda mahali pake, anakaa, daftari analikalia, na nyumbani tumerudi kwenye "nimeshiba".

Tumefika nusu ya tunachohitaji, na baada ya wiki mbili kuna mkutano wa mwisho, mwenyekiti anataka ukurasa ule uchapishwe kwenye vipeperushi na binti mwenyewe asimame ausome. Nilipositasita akasema, "Ukurasa ule ndio uliowainua watu vitini. Tuwanyime watoto arobaini kwa ajili ya mmoja?" Nikikataa na mchango ukashindikana, msitu umekwisha, na ndio uliomrudisha mwanangu. Nikikubali, sijui. Nifanye nini?

Mama Mshonaji

JIBU

Mama Mshonaji,

Pole kwa kufiwa, na pole yangu ni ya kweli. Sasa kaa vizuri.

Watoto wenzake walifunga madaftari yao kamba. Mmoja aliona kwa mama yake hakuna haja ya kamba, na la huyo ndilo ulilofungua. Usijidanganye kwamba ulifanya kwa ajili ya msitu, siku ile hapakuwa na hotuba wala mwenyekiti. Ulitaka kujua kama mwanao analia, na ulishindwa kumuuliza. Hilo naliona kwa akina mama wengi na simlaumu yeyote. Lakini kunakili, kukunja na kutia mkobani, mama, hapo ulijua unachofanya.

Mwenye duka la dawa mwambie hapana, leo hii, wala usimwambie utafikiria. Akikutajia watoto arobaini mwambie hao nao wana madaftari, na siku watakapoona la mwenzao limebandikwa ukutani hakuna atakayeandika tena neno la kweli. Mtabaki mmeokoa gari. Mkutano wa mwisho ufanyieni msituni. Mwalimu Mabuti awatembeze wazazi na wafanyabiashara, kila mtu akae peke yake nusu saa, simu mfukoni, ndipo sanduku lipitishwe. Na kama ni lazima msiba usemwe, sema wa kwako. Simama uwaambie wewe ndiye uliyejificha bafuni. Hiyo una ruhusa ya kuisema.

Kwa binti yako, mwambie ulisoma lote na kwamba pale getini ulimdanganya. Usianze na "nilitaka kusaidia". Akifoka, mwache afoke, akifunga mlango usiugonge. Daftari usimuulize, hata akikaa mwaka mzima hajaandika.

Kuna jambo moja ambalo katika barua yako yote sikuliona. Ukurasa ule uliusoma, ukaunakili kwa mkono wako, ukausoma tena kwa sauti, na bado haukukuingia. Mtoto anasema nyumbani kwenu hana mahali pa kumlilia baba yake. Ukumbi mzima ulimsikia na ukatoa ulichokuwa nacho. Wewe ndiye hujamjibu. Leo akirudi shuleni acha kushona, kaa chini karibu naye, mtaje baba yake kwa jina lake, na machozi yakija, lia hapo hapo mbele yake.