Bata Wazima

Msambweni, Jumamosi, 1956

Nilijibu haraka mno. Mzee Hamisi, mpishi wa mzungu wetu wa shamba la miwa, aliniuliza, "Bata wazima?" Nikadhani ni salamu. Nikajivuna, wazima wote watano, maana walipoletwa hawakuweza kusimama, nami nimewaosha macho na kuwalisha pumba mwezi mzima.

"Alhamdulillahi. Bwana alikataza wasichinjwe wangali wagonjwa."

Ningalisema bado wanachechemea.

"Washike wewe, mwanangu, wanakujua."

Kweli, hawakukimbia. Nilimpa mmoja mmoja, naye akawaelekeza kibla, akasoma bismillahi.

Bwana amesifu mkono wangu. Jumatatu ataniletea wengine sita, wagonjwa. Kwetu Kakamega ningekataa. Hapa nimekwisha kuwatafutia debe la maji.