Nimeng'oa waya za komputa

Arap Mibei, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Unajua hizo komputa mbili za sosaiti yetu ya majani chai, ya zamani na mpya, zenye zilikataa kusikizana? Leo Morris, fundi wa Nairobi, amezipatanisha. Majina ya wakulima wote ikaanza kuhama kutoka ile ya zamani kuingia mpya.

Halafu radi. Si unajua radi ya hapa Litein! Nilikuwa nafagia ofisi; nikatupa ufagio, nikang'oa waya zote mbili, vile sisi hufanya na redio.

"Mzee, umefanya nini?" Morris akaniuliza mara mbili.

Ile ya zamani imekataa kuamka. Mpya haina jina hata moja. Kesho nani atapimiwa majani?

Morris akasema polepole, "Basi tutaandika upya. Leta vitabu za zamani za majina, mzee."

Arap Mibei, hizo vitabu nimewashia moto ya chai mwaka mzima.