Baba Dauda, Ilikuwa Santuri Ipi?

Mwaka mmoja umetimia wiki hii, Baba Dauda, tangu ututoke, na bado hatujaelewana. Nilidhani mwaka unamtosha mtu kulia, kunyamaza na kutimiza alichoagizwa. Kulia tumelia. Kunyamaza, unatujua mwenyewe. Kimebaki kile ulichoniagiza, nacho kimetuvuruga vichwa sote, kuanzia mimi mkeo mpaka wale marafiki zako wa Jumapili.

Ninayesema ni mimi, Saidati. Anayeandika ni mwanao Dauda, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Nimemkataza kupamba. Kila akimaliza mstari ananisomea, na nikisikia neno ambalo sikulisema namwambia alifute.

Kwa asiyekujua, ulikuwa Faradji fundi cherehani, kibaraza cha pili ukitoka msikitini hapa Gisenyi. Kanzu nyingi zilizovaliwa Idi katika mtaa wetu zilipita chini ya sindano yako. Msafiri akija na mshono uliofumuka na boti inakaribia kuondoka, ulimshonea hapohapo akiwa amesimama mguu mmoja. Vipande vilivyobaki hukuvitupa, ulivishona kofia, na hata leo naona vichwa vya watoto wa watu vikipita na kitambaa cha suruali ya marehemu fulani.

Tena hukujua kumpinga mtu. Mteja akisema suruali inabana, ulisema kweli inabana. Mkewe akisema suruali ni nzima, bwana ndiye amenenepa, ulisema hilo nalo lipo. Watu waliuita huo upole. Mimi niliita uvivu wa kugombana, na leo nasema waziwazi kwamba upole wako huo ndio uliotufikisha hapa.

Maana ulikuwa na gramafoni. Uliileta nyumbani kabla yangu, mke mwenzangu huyo, kama nilivyozoea kukutania, kwa sababu siku naingia kama bibi harusi niliikuta imekaa kwenye kiti na mimi nikakaa mkekani. Santuri ulizipata kwa dereva wa lori la Kabale. Za magitaa ya kwetu zilikuwepo, lakini roho yako ilikuwa kwenye zile za Waamerika wanaochunga ng'ombe, wale wenye kofia pana, ambao wakifika katikati ya wimbo wanapandisha sauti na kuivunja kooni, ikarudi vipande vipande. Nani alikuonjesha hizo sijui. Ulikuwa nazo kumi na moja.

Kila Jumapili alasiri walikuja watatu. Sebahire, mpiga kasia wa Rubona, alikuja moja kwa moja kutoka kwa jamaa zake aliokuwa akiwatembelea baada ya misa. Munyaneza, mfugaji wa huko Rubavu, alikuja na kibuyu cha maziwa. Phocas, karani, alikuja na kalamu mfukoni hata siku ambayo ofisi imefungwa. Mlikuwa na kanuni zenu, nazo mlizishika kuliko wengine wanavyoshika ahadi. Santuri mpya ilipigwa mara tatu. Ya kwanza hakuna kusema. Ya pili unaweza kutikisa kichwa. Ya tatu ikiisha, kila mtu anatoa lake, ni nzuri au si nzuri, inashinda ile ya zamani au haiifikii. Ndipo kelele zilipoanza.

Kiingereza hakuna aliyekijua kati yenu. Phocas alijua Kifaransa, na hilo lilimtosha. Alishikilia kwamba nyimbo zote zinahusu gari la moshi. Sebahire alisema mwimbaji yuko ufukweni anaita wenzake walioko kwenye mtumbwi mwingine, na anavunja sauti kwa sababu upepo unamjia usoni. Munyaneza hakutaka kusikia habari ya moshi wala mtumbwi. Kwake yeye mchunga ng'ombe anapoimba anasifu ng'ombe, angeimba nini kingine? Na kwa kuwa sifa za ng'ombe hazisikilizwi na watu waliokaa wanatafuna karanga, alisimama wima mpaka santuri iishe, na wewe ukasimama naye.

Nakumbuka siku ile ilipoletwa moja ya huzuni. Ilipopigwa mara ya tatu Munyaneza akainamisha kichwa, akasema ng'ombe wa yule bwana amekufa, na alikuwa na mimba. Hakuna aliyecheka. Ulifunga duka, mkakaa kimya kama watu waliofika msibani, na mimi nikatoa chai kwa sababu sikujua kingine cha kutoa. Wiki mbili baadaye dereva wa Kabale, ambaye Kiingereza kidogo anakijua, akawaambia ule ni wimbo wa harusi. Sebahire alicheka mpaka akashika nguzo. Munyaneza akajibu kwa upole kwamba hata harusini lazima ng'ombe atajwe, ama huko Amerika wanaozesha mabinti bure? Ukasema hilo nalo lipo.

Basi ukaugua kifua. Jioni ya mwisho uliyoweza kusema, uliniita nikae karibu. Ulisema hivi, sikuongeza wala kupunguza: "Ile santuri yangu, Mama Dauda, usiitoe ovyo. Mwaka ukiisha, iende kwa ule mwenye anaipenda sawa vile mi."

Nikakuuliza, ipi?

Ukacheka, kikohozi kikakushika, ukasema, "Unaijua."

Siku ya pili hukuwa na sauti, ya tatu hukuwepo. Na mimi sikuijua, Baba Dauda. Hilo neno lako la mwisho sikumwambia mtu mwaka mzima, nilisema tu kwamba umeacha wasia wa santuri na hukuitaja. Niliona haya. Miaka ishirini na sita katika nyumba moja, ninajua upande unaolalia, ninajua chumvi yako, halafu mgeni aniulize mumeo alipenda wimbo gani nimjibu nini?

Nikaanza kuuliza kwa ujanja. Kwanza nilimuuliza Sebahire alipoleta samaki. Akashangaa nauliza kitu kilicho wazi. Ni ile ya mtu wa ufukweni, alisema, na wewe mwenyewe ulimwambia kwamba haina mfano, tena kila ikipigwa ulisimamisha cherehani. Nikarudi ndani nimetulia. Juma hilohilo Munyaneza akaniambia ni ile ya ng'ombe aliyekufa, na ushahidi wake ni kwamba ikipigwa ulisahau maziwa mpaka yakashika utando. Ulimwambia haina mfano. Phocas naye akatoa karatasi mfukoni. Jina la santuri ile mpya kabisa, iliyofika mwezi mmoja kabla hujafa, aliliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ulimwomba aliandike usilisahau. Na yeye ulimwambia nini? Kwamba haina mfano.

Nikakaa chini. Wote watatu ni wakweli, hakuna anayetamani cha mtu, na wote wamesema maneno yako. Ulimkubalia kila mtu wimbo wake, ukaenda zako, ukaniachia mimi wasia mmoja na wapendaji watatu. Usiku huohuo nilikukasirikia kwa mara ya kwanza tangu uzikwe, na siombi radhi.

Nilimwendea mwalimu wa madrasa. Akasema wasia ni deni la aliye hai na niutimize, ila nisichanganye gramafoni na hitima. Nilimuuliza Dauda. Dauda akasema baba hakupenda santuri yoyote, alipenda watu waliokuja kuisikiliza. Anaandika hapa anatabasamu. Ni maneno mazuri, mwanangu, ila maneno mazuri hayafungwi kwenye kitambaa ukampa mtu mkononi.

Hitima tumeisoma Jumapili iliyopita. Watu walijaa, pilau ilitosha. Alasiri, vyombo vilipokwisha kuoshwa na mwalimu amekwenda zake, wale watatu wakatoa gramafoni kibarazani na kupanga santuri zote kumi na moja mkekani. Mimi nikaletewa kiti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa nao. Siku zote nilikuwa nyuma ya mlango, jikoni, na nikipita nilipita nikiwasuta.

Kila mmoja akapiga yake. Sebahire akasimulia ufuko wake, Munyaneza akasimama wima, Phocas akasoma karatasi. Halafu wakaanza kuumbuana kwa adabu, halafu bila adabu. Phocas akataka tupige kura, na kila santuri ikapata kura moja. Sebahire akasema basi kila mtu achukue yake tumalize. Nikasema hapana, marehemu alisema santuri moja na mtu mmoja, nami sitamdanganya kwa kuwa hayupo kunikatalia. Machozi yalikuwa karibu na hasira ilikuwa karibu zaidi. Nikawaambia wamekuwa wakibishana na Faradji miaka yote bila yeye kubishana nao, sasa wameishia kunibishia mimi.

Munyaneza akanigeukia, akasema, "Mama, we ulikuwa unasikiaka nyuma ya mulango miaka yote. We unapenda gani?"

Nilitaka kumwambia kelele zile sikuwahi kuzipenda. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa watu. Lakini mdomo ukanitangulia.

"Ile ya mugongo," nikasema. "Ya mwanaume wa polepole, mwenye anavuta pumzi mbele ya kumaliza."

Wakatazamana. Hakuna aliyeijua. Wakageuza santuri moja baada ya nyingine, wakaipata ya saba, nyuma ya ile ya Sebahire, upande ambao haukuwahi kupigwa mbele yao. Phocas akaitia ufunguo gramafoni, akaweka sindano. Gitaa moja tu, na mtu mmoja asiye na haraka. Hakuvunja sauti hata mara moja. Ikafika karibu na mwisho, na mimi nikavuta pumzi kabla yake, kisha yeye akavuta ya kwake, akamaliza.

Sebahire hakuona maji mle. Phocas hakusikia gari la moshi. Munyaneza alikiri kwamba ng'ombe hayumo. Kisha Phocas akaniuliza nimeijulia wapi, nami ndipo nikajiuliza.

Nimeijulia jikoni. Wao wakishaaga na kuteremka, wewe ulifagia nyuzi, ukarudisha viti, na kabla ya kufunga mlango ukageuza ile santuri na kuipiga upande wa pili. Kila Jumapili. Nami kila Jumapili nilipaza sauti kutoka kwenye sufuria zangu: zima hiyo kitu, wanakaribia kuadhini. Ukaiacha ifike mwisho, ukaizima, ukaja kula. Nilidhani wewe ni mzito wa kutii.

Wakasema santuri ni yangu. Munyaneza alisema kwanza, na wale wawili wakamfuata bila kura. Phocas akaifunga kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili. Sebahire aliitazama sana, masikini, kwa sababu upande wa mbele ni wake, na nimemruhusu aje kuusikiliza apendapo. Amekwisha kuniuliza kama kanuni ni zilezile. Nimemwambia ni zilezile, ila sasa nami nitakaa kibarazani, na nitatoa langu ikiisha ya tatu.

Lakini sina hakika, Baba Dauda. Nasema ukweli mbele ya wote watakaosoma. Huenda uliipiga ile kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya nyingine. Huenda ulitaka tu kitu cha kufagilia. Naamka nikijiambia ndiyo hiyo, ikifika adhuhuri sijui tena. Hukunielekeza, na sasa siwezi kukuuliza, na hilo linaniuma kuliko siku ile tulipokuzika, maana siku ile nilidhani nimepoteza mtu niliyemjua.

Ninachorudia ni kimoja tu. Watu walikuwa wamekwenda. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili, wewe na mimi. Kama ulikuwa unanipigia mimi, ungesema, mume wangu. Ningeacha sufuria. Ningetoka.

Wanaokuombea rehema na kukutaja kila siku: mkeo Saidati, mwanao Dauda, anayeketi sasa kwenye cherehani yako, pamoja na mkewe; pia dada yako Nyiramana, wajukuu zako, na watu wako wa Jumapili, Sebahire, Munyaneza na Phocas, ambao nimewaandika hapa kati ya jamaa kwa sababu wamekataa kuwa wageni.

Hutatutoka moyoni, Faradji, siku zote za uhai wetu.